Mashua iliyonuka mayai viza: kisa cha ngama moja ya Lamu

Mashua yenyewe ni ya mbao, futi kama 40 hivi, imeundwa Lamu na mafundi wa Lamu, alafu ikaongezwa mambo ya wageni: vyumba viwili vya kulala upande wa omo (mbele), choo cha kupampu kwa mkono, injini ya dizeli huko tezi (nyuma), na sanduku kubwa la barafu katikati la kuwekea samaki na vinywaji. Inachukua wageni wa kulala usiku mbili tatu, inazunguka Manda, inakwenda Pate, na kaskazi ikiwa imetulia inafika mpaka Kiwayu. Tanga zuri, nahodha anajua kazi, chakula kitamu. Lakini ilikuwa inanuka, na wageni walikuwa wanapanda na kushuka wakilalamika jambo hilo hilo moja, wengine wanahamia kulala juu ya sitaha na mito yao ilhali chumba wamekilipia.

Naeleza kisa chote mwanzo mpaka mwisho kwa sababu naona vyombo vingi vya pwani yetu vina tatizo hili hili, wenyewe wamelizoea au wamelikubali wakidhani chombo cha mbao lazima kinuke. Si kweli. Chombo cha mbao kina harufu yake, sifa (yale mafuta ya papa ya kupaka mbao) na pamba na chumvi na mbao yenyewe, hiyo ni haki yake na mtu wa pwani akiisikia anajihisi yuko nyumbani. Lakini hii ilikuwa harufu ya mayai viza, na ndani yake kuna dizeli, na ukikaa chini kwa muda unaanza kusikia na samaki aliyeoza kwa mbali. Inakuwa kali alfajiri watu wakiamka, alafu inazidi zaidi mashua ikilalia upande wa kushoto. Hilo la upande wa kushoto lilisemwa na kijana anayepika, hakuna aliyemuuliza, alisema tu akiwa anaosha sufuria, "Ikilala huku ndio inatoka, ikilala kule hakuna kitu." Wakubwa wote walikuwa hawajaligundua, na bila neno lake tungechelewa sana.

Kabla ya hapo mwenye chombo alikuwa ameshatumia pesa nyingi. Kwanza walidhani ni choo, manake kwenye chombo chochote kikinuka choo ndicho kinachosingiziwa, wakabadilisha paipu yote ya choo kutoka kwenye bakuli mpaka nje. Harufu ikabaki. Wakaja kwa jiki, wanamwaga ngamani, kule chini kabisa ya chombo maji yanakokusanyika, kila wakirudi safari, lita nzima nzima, na sabuni ya unga juu yake. Siku mbili panatulia, ya tatu inarudi. Mwisho wakaning'iniza yale manukato ya kwenye gari ndani ya vyumba, sasa ikawa mayai viza yenye harufu ya ndimu, mgeni mmoja akatapika bandarini kabla hata tanga halijapandishwa.

Hapo kwenye jiki nisimame kidogo kwa sababu ina madhara na watu wanaichukulia poa. Klorini inaua vijidudu vilivyoko kwenye maji siku hiyo, sawa, lakini chakula cha hivyo vijidudu umekiacha pale pale, maji utaongezewa mengine kesho, kwa hivyo vinarudi. Wakati huo huo hio klorini inakula misumari, inakula klipu za paipu na mipira ya pampu, na ubao ukilowa nayo mara kwa mara nyuzi zake zinalegea unakuwa kama una manyoya. Baya zaidi ni ile kuchanganya. Mtu amemwaga jiki, mwenzake hajui anakuja na dawa ya choo yenye asidi, hapo inatoka gesi ya klorini yenyewe, na uko ndani ya shimo halina dirisha. Hata mkojo na jiki ni mchanganyiko mbaya. Mimi ngama ya mbao siiwekei jiki kabisa, na nikiikuta imewekwa naiosha kwa maji mengi matamu kabla sijaanza kazi yoyote.

Nilipowauliza mashua inaingiza maji kiasi gani kwa siku, hakuna aliyejua. Sio nahodha, sio mwenyewe, sio vijana. Kuna pampu ya umeme ya volti 12 na swichi ya floti, maji yakipanda inajiwasha, yakishuka inajizima, basi imekwisha. Na hapa ndipo ulipo moyo wa kisa hiki kwa maoni yangu. Zamani ngama ilikuwa inafuliwa maji kwa mkono, asubuhi na jioni, kijana anashuka na kopo na ndoo, na baada ya wiki moja anakijua chombo, anakwambia leo maji yamezidi, leo yana rangi, leo yana mafuta. Pampu ya kujiwasha imeondoa mgongo kuuma lakini pia imeondoa hio habari. Maji yanaingia, yanatoka, mtu amelala, na kile kinachobaki chini ya kiwango cha swichi kinabaki hapo mwezi baada ya mwezi hakuna mtu anayekitazama.

Tukafungua kila kitu. Mbao zote za chini zikatolewa zikaanikwa juu ya sitaha, magodoro nje, mlango wa omo na wa tezi wazi, na hatukushuka mpaka upepo umepita ndani saa kadhaa. Hili si la kuonea haya. Ile gesi ya mayai viza ni sumu, nzito kidogo kuliko hewa kwa hivyo inakaa chini huko unakoinamisha kichwa, na ujanja wake mbaya ni kwamba ikiwa kidogo unaisikia sana, ikifika sehemu kama 100 katika milioni ya hewa pua inakufa ganzi, unadhani imeisha kumbe ndio imezidi. Kwenye mashua iliyo wazi haifiki huko kirahisi lakini mimi nimezoea kutofunga mlango nikiwa ngamani na mtu awe juu. Sigara hapana, jiko la mkaa lizimwe.

Juu ya maji kulikuwa na utando wa mafuta, dizeli na oili ya injini pamoja. Hayo yanatolewa mwanzo kabla hujapampu chochote, kwa nguo kuukuu na pamba, unaweka juu ya maji yananyonya, unakamulia kwenye dumu, unarudia. Dumu linapelekwa pwani. Sheria ya kimataifa ya meli, ile MARPOL, hata zile meli kubwa zenye mashine ya kuchuja inaziambia maji ya ngama yakitoka yasizidi sehemu 15 za mafuta katika milioni, sasa sisi tunaovua na kuogelea kwenye maji haya haya na mikoko iko pale tunayaona, kumwaga oili nyeusi mkondoni usiku ati hakuna anayeona ni jambo la kuumiza roho. Nimeshaona visiki vya mikoko vimepakwa mafuta ya vyombo vyetu wenyewe.

Baada ya mafuta na maji kutoka ndipo tukaona kilichokuwa chini: mchanga mweusi tii. Mashua hii farumi yake, yaani ule uzito wa chini wa kuituliza, ni magunia ya mchanga, kama vyombo vingi vya huku, yamepangwa katikati juu ya mkuku (uti wa mgongo wa chombo) na mengine pembeni. Gunia la plastiki likikaa unyevunyevu na kusuguliwa na taruma, zile mbavu za chombo, kila wimbi linachanika, mchanga unatoka kidogo kidogo, unashuka, unaziba yale matundu yaliyochongwa chini ya mataruma ili maji yapite yateremke mpaka palipo na pampu. Matundu yakiziba kila nafasi kati ya taruma na taruma inakuwa kidimbwi chake. Pampu iko nyuma kavu, imezima, inaona kazi imeisha, na mbele kuna vidimbwi vimejaa maji ambayo hayana pa kwenda. Na upande wa kushoto, usawa wa sanduku la barafu, kulikuwa na kidimbwi kimoja kirefu nyuma ya ubao wa ndani ambacho mashua ikiwa imesimama wima hukioni kabisa. Ikilalia kushoto, yale maji yanatingishwa na kupanda juu ya taruma, yanatoa gesi yote iliyokusanyika. Kijana wa jikoni alikuwa sahihi kwa asilimia mia.

Sasa kwa nini yananuka hivyo? Maji ya bahari yana chumvi za aina nyingi, moja ni salfeti, kama gramu 2.7 kwa kila lita, si haba. Maji yakikaa bila kutembea vijidudu vya kawaida vinamaliza oksijeni iliyomo. Ikiisha wanaingia vijidudu wengine ambao hawahitaji oksijeni, wanatumia salfeti badala yake, wanakula uchafu na kutoa haidrojeni salfaidi, ndiyo hio harufu. Kwa hivyo wanataka vitu vitatu: maji ya bahari yaliyotuama, hewa isifike, na chakula. Mashua hii iliwapa vyote. Maji yametuama kwa sababu ya mchanga, hewa haifiki kwa sababu mafuta yametanda juu kama mfuniko wa sufuria, na chakula, hiki ndicho kilichokuwa siri ya hii kazi, kilikuwa kinateremka kutoka kwenye sanduku la barafu. Huo weusi wa mchanga nao ni wa humo humo, gesi ikikutana na chuma cha misumari inatengeneza kitu cheusi, ukiona weusi ule jua misumari yako inaliwa.

Tukakausha. Si kupunguza maji, kukausha kabisa, mpaka sponji ya mwisho, mchanga ukatolewa kwa bakuli na mikono, tukasugua kwa sabuni ya maji na brashi, tukasuuza, tukaacha wazi mpaka ubao umebadilika rangi. Nasisitiza hapa kwa sababu huwezi kutafuta maji yanatoka wapi ndani ya ngama yenye maji. Ikikauka ndipo chombo kinaanza kusema chenyewe.

Njia zetu zilikuwa za bei rahisi. Chaki ya shule: unachora mstari juu ya ubao mkavu, kutoka taruma mpaka taruma, pote unapopashuku, tone likipita mstari unakatika na unaona lilikotoka. Rangi nyekundu ya chakula: unaimwaga kwenye sanduku la barafu, nyingine ya kijani kwenye beseni la kuogea, unasubiri uone ipi inajitokeza chini. Na kijiko: unachukua maji safi pale pale yanapotokea, sio ya dimbwi lenye mafuta, unayakausha kwenye kijiko juu ya moto, ikibaki chumvi nyeupe ni ya bahari, yasipoacha kitu ni ya mvua au ya tangi. Lita moja ya bahari ina chumvi gramu kama 35, huwezi kuikosea. Wapo wanaoonja kwa ulimi, mimi sionji kitu kilichotoka ngamani.

Rangi nyekundu ilitoka chini kabla hata hatujamaliza chai. Tundu dogo la kutolea maji ya sanduku la barafu lilikuwa limetobolewa tu chini ya sanduku, halina paipu, linamwaga moja kwa moja nyuma ya ule ubao wa kushoto. Fikiria, kila safari wanapakia barafu, barafu ya kilo 10 ikiyeyuka ni lita 10 za maji, na humo wamelala changu na tafi na kamba, damu, magamba, maziwa yaliyomwagika, vyote vinateremka na yale maji na kuishia kwenye kidimbwi kisicho na njia. Ndio ile harufu ya samaki ya mbali. Aliyeunda sanduku hakuwa na ubaya, aliona maji yatoke, na chini kuna ngama na ngama ina pampu. Ndivyo kila mtu anavyofikiri, kwamba ngama ni mahali pa kupeleka maji. Beseni la kuogea nalo lilikuwa hivyo hivyo, nywele na sabuni, ingawa hilo angalau lilikuwa karibu na pampu.

Chaki upande wa mkuku ikakatika sehemu mbili, kulia, kwenye ubao wa kwanza unaoshikana na mkuku. Chumvi kwenye kijiko. Kalafati, ile pamba inayoziba kati ya ubao na ubao, imechoka, maji yanachuruzika polepole, si ya kuzamisha lakini hayasimami usiku wala mchana. Tulipopima na dumu la lita 20 mashua ikiwa imetia nanga tu, ilikuwa inaingiza karibu madumu matatu kwa siku, na sehemu kubwa ni hapo. Pampu ilikuwa inatoa lita 60 kila siku ya Mungu na hakuna mtu aliyejua.

Nyuma, pakingi ya shafti, ile inayozuia maji pale shafti ya injini inapotokea nje, ilikuwa inadondosha. Pakingi ya zamani ya kamba lazima idondoshe matone machache kwa dakika shafti ikizunguka, hio ndio inaipoza, lakini injini ikizimwa inatakiwa isimame au karibu isimame. Hii ilikuwa inaendelea, tone kama moja kwa sekunde. Linaonekana dogo, lakini piga hesabu: tone moja kwa sekunde ni lita 4 na zaidi kwa siku. Na juu ya injini kiungo kimoja cha paipu ya kurudisha dizeli kilikuwa kinatoa jasho, ndio chanzo cha utando wa mafuta. Hicho kilikazwa kwa spana na washa mpya, kazi ya muda mfupi, na baada ya miezi yote ile ya dizeli ngamani nilihisi uchungu kidogo kuona ilivyokuwa rahisi.

Na choo? Choo hakikuwa na hatia. Tulifanya ile ya kitambaa: unalowesha kitambaa safi kwa maji ya moto, unakizungushia paipu, kikipoa unakipeleka nje unakinusa. Kikiwa na harufu, paipu imeshanyonya na lazima itolewe. Hapakuwa na kitu, na kwa kweli isingekuwa nacho, paipu ni mpya. Lakini kulikuwa na jambo dogo la choo ambalo lilichanganya watu kwa muda mrefu: ile harufu ya alfajiri. Maji ya kusuuzia choo yanavutwa kutoka baharini, na yale yaliyolala usiku kucha ndani ya paipu ya kuvutia yanakufa humo, vidudu vidogo vya bahari vinaoza, mtu wa kwanza akipampu asubuhi anatoa hio hewa chooni. Mayai viza yale yale ila hayatoki ngamani. Sasa vijana wanasuuza kwa maji matamu usiku kabla ya kulala, mikono kadhaa tu ya pampu, na asubuhi hakuna kitu.

Kwa ule mchuruziko wa mkukuni hakuna ujanja wa dukani. Wapo waliomshauri mwenyewe apake silikoni au epoksi kwa ndani, na mimi nilipinga kwa nguvu. Ukiziba ndani maji yanaendelea kuingia kwa nje, yanakaa katikati ya ubao, na ubao unaoza ukiwa umefunikwa. Tulisubiri bamvua, maji ya Lamu wakati huo yanapanda na kushuka mita tatu hivi, tukaipweleza mashua kwenye mchanga upande wa Matondoni, ikakaa juu ya magogo, na fundi wa kule akaja na patasi na nyundo yake. Alitoa pamba ya zamani, ikatoka imeoza inakatika vidoleni, akaendelea mpaka akafika penye pamba nzima. Nikamuuliza, "Fundi, si umepita pale palipovuja?" Akasema bila kuinua kichwa, "Bwana, maji hayaingii pale unapoyaona." Nje palipokuwa pameachia palikuwa karibu hatua mbili mbele ya pale chaki ilipokatika ndani, maji yalikuwa yanatembea juu ya mkuku chini ya taruma kabla ya kujionyesha. Akapiga pamba mpya iliyolowekwa mafuta, kwa mapigo yale yanayolingana ambayo ukiyasikia unajua huyu ni fundi, alafu chini kote pakapakwa shahamu na chokaa. Misumari kadhaa ikabadilishwa, ile iliyokuwa imeliwa na weusi.

Mbao zikirudi majini zinavuja kidogo siku za mwanzo mpaka zivimbe zibanane, hilo liko wazi kwa kila baharia, lakini mwenye chombo aliogopa akapiga simu usiku. Ilibidi nimwambie asubiri.

Farumi ilinipa kazi zaidi kuliko kalafati. Kutoa mchanga haiwezekani, mashua ya tanga bila uzito chini ni hatari, na mchanga hauna gharama. Tulichofanya ni kuweka kwanza vipande vya mbao vya kuinua magunia yasiguse mataruma wala chini, nafasi ya vidole vinne, kila gunia likaingizwa ndani ya gunia jingine zito la turubai na kushonwa, na pembeni tukatumia mawe laini ya mviringo badala ya mchanga. Alafu ndani ya yale matundu ya mataruma, upande huu na upande huu wa mkuku, tukapitisha kamba moja ndefu ya nailoni kutoka omo mpaka penye pampu. Kila wiki kijana anashika ncha anaivuta mbele na nyuma, kama kuna mchanga au pamba au gamba la samaki linatoka. Mabaharia wa vyombo vikubwa wamekuwa wakifanya hivi kwa mnyororo tangu zamani. Nikiulizwa jambo moja tu la kuchukua kutoka kisa hiki ningesema hio kamba, haina gharama na inafanya kazi zaidi ya dawa zote.

Sanduku la barafu likawekewa paipu yake na valvu, maji yanaingia kwenye dumu la lita 10 lililofungwa vizuri, dumu linamwagwa likijaa. Mpishi alilalamika kidogo kwamba ni kazi ya ziada. Nilimwelewa, lakini yeye ndiye aliyekuwa analala karibu na ule ubao wa kushoto. Beseni la kuogea nalo likapata kisanduku chake na pampu yake ndogo yenye kichujio cha nywele, kinasafishwa kila safari ikiisha.

Kuhusu pampu kubwa. Kwenye boksi imeandikwa lita 1,900 kwa saa, na mwenyewe alikuwa anaitegemea hio namba. Tulipoipima kwa dumu, ikipandisha maji mpaka kwenye tundu la ubavuni, dumu la lita 20 lilichukua zaidi ya dakika moja, yaani chini ya lita 1,200 kwa saa. Namba za kwenye boksi ni za pampu isiyopandisha kitu. Paipu yenye mikunjo ndani inapunguza, kupanda kunapunguza, betri iliyochoka inapunguza. Na mlinganishe na hatari yenyewe: tundu la milimita 25, sentimita 60 chini ya maji, paipu yake ikichomoka inaingiza kama lita moja kwa sekunde, zaidi ya 3,500 kwa saa. Pampu ile hata mbili zisingetosha. Kwa hivyo kila tundu lililo chini ya maji sasa lina kizibo cha mbao laini kimefungwa kwa uzi pembeni yake, na pampu ya mkono iliyokuwa imekufa ikatengenezwa, hii haihitaji betri.

Kuna kitu kingine watu hawakijui kuhusu pampu ya umeme: ikizima, maji yaliyoko kwenye paipu yanarudi chini. Paipu ya milimita 25 yenye urefu wa mita 3 ina karibu lita moja na nusu, hizo zinarudi ngamani kila mara. Wengine wanaweka valvu ya kuzuia kurudi, mimi siipendi kwenye pampu ya uokozi, inapunguza nguvu na ikikwama imefungwa siku ya shida umekwisha. Afadhali kijana na sponji. Swichi ya floti ikasafishwa, ilikuwa inanata kwa grisi, ikapewa waya wake wa moja kwa moja kutoka kwenye betri na fyuzi yake, na juu penye usukani ikawekwa taa nyekundu inayowaka kila pampu ikifanya kazi. Nahodha akiona taa inawaka mara kwa mara anajua kuna jambo. Na kila asubuhi, kabla ya pampu kuguswa, kijana anafua kwa pampu ya mkono na kuhesabu mapigo, anaandika kwenye daftari lililofungwa kwa kamba ukutani. Mapigo tu na kama kuna mafuta au rangi. Ile habari iliyopotea imerudi.

Upande wa mvua na hewa nitapita haraka. Masika, mashua zikifungwa zinafunikwa turubai mpaka chini, joto na mvuke vinabaki ndani na ukungu unaota. Turubai linyanyuliwe, upepo uingie omo utoke tezi, mbao za chini zibaki zimeinuliwa. Na maji ya mvua yasidharauliwe ati hayana chumvi, kwa ubao hayo ndiyo mabaya zaidi, chumvi angalau inauzuia ubao kuoza, maji matamu yanauozesha. Hapa tulikuta yanapita kwenye mguu wa mlingoti, pakafungwa kola ya turubai lililopakwa mafuta.

Sasa daftari linaonyesha lita 4 mpaka 5 kwa siku, safi, hazina utando, na kwenye vyumba unasikia mbao na sifa. Wageni wanalala chini. Manukato ya gari yametupwa. Zile lita zilizobaki karibu zote ni za pakingi ya shafti, tuliikaza kidogo tu manake ukiikaza sana shafti inachomeka, na kamba yake imeshakuwa ngumu. Inataka kutolewa yote na kuwekwa mpya, na hio inafanyika mashua ikiwa juu ya mchanga, kwa hivyo imeandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari pamoja na sinki za mkukuni (vile vipande vya zinki vinavyoliwa badala ya vyuma vya chombo), kusi ikianza wageni wakipungua tutaipweleza tena.